Uso Wenye Historia: Uzuri na Hadhi ya Mwanamke Mzee katika Sanaa ya Picha za Sura

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna sanaa ya picha za sura inavyoweza kuutambua na kuuenzi uzuri wa mwanamke mzee bila kumbembeleza wala kumficha. Hoja inayojengwa ni kwamba alama za uzee usoni, yaani makunyanzi, macho yaliyozama, ngozi iliyolegea na mvi, hazina maana moja ya kudumu. Zinapotenganishwa na chanzo chake hugeuka kuwa ushahidi dhidi ya mwenye nazo. Zinaporudishiwa chanzo chake huwa historia yake. Hoja hiyo inapimwa kwa kulinganisha kazi za Albrecht Dürer, Quinten Massys, Rembrandt, James McNeill Whistler na Alice Neel, kisha inahusishwa na mazingira ya Tanzania, ambako usomaji mbaya wa uso wa bibi umewahi kugharimu maisha. Makala inapendekeza maswali matatu ya kuongoza uchambuzi wa picha za aina hii: swali la jina, swali la umri na swali la mtazamo.

1.0 Utangulizi

Picha ya sura ni kazi ya sanaa inayomwonesha mtu mahususi, ambaye mtazamaji anaweza kumtofautisha na watu wengine wote. Msisitizo uko kwenye neno mahususi. Mchoro wa mwanamke mzee yeyote anayepepeta mchele ni mchoro wa kazi au wa maisha ya kila siku. Mchoro wa bibi fulani, mwenye jina lake na pua yake, ndio picha ya sura. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayobeba uzito wote wa mjadala huu, kwa kuwa wazee, na hasa wanawake wazee, wamekuwa wakichorwa mara nyingi zaidi kama aina ya watu kuliko kama watu.

Lugha ya Kiswahili yenyewe inadokeza tatizo hilo. Neno mzee hubeba heshima, lakini likitumika peke yake kama wito humwelekea zaidi mwanamume. Mwanamke wa umri huohuo huitwa bibi, nyanya, mama au Bi, maneno yanayomtambua kwa ukoo na adabu. Asipoheshimiwa huitwa ajuza, kizee au kikongwe. Mawili ya mwisho yamevaa kiambishi ki-, ambacho katika maneno mengi huashiria udogo au kitu. Hata hivyo, sarufi haikubali kumvua utu wake: husemwa kikongwe yule amefika, si kikongwe kile kimefika. Umbo la neno linamvuta kuelekea kwenye vitu, na upatanisho wa kisarufi unamrudisha kwa watu. Mvutano huo ndio unaoonekana pia katika historia ya picha.

2.0 Mkono Mmoja, Wanawake Wawili

Mfano ulio wazi zaidi unapatikana katika kazi za msanii mmoja. Albrecht Dürer, aliyezaliwa Nuremberg mwaka 1471, alichonga juu ya bamba la shaba mnamo mwaka 1500 mchoro wa mchawi aliyempanda mbuzi kinyumenyume. Mchawi huyo ni mwanamke mzee. Nywele zake zinapeperuka, kinywa kimeachama na mwili uko uchi. Ameshika kijiti cha kusokotea nyuzi, chombo ambacho kilikuwa katika nyumba nyingi za Ulaya ya wakati huo na kilichokuwa ishara ya kazi ya wanawake. Katika mchoro, chombo cha riziki kimegeuzwa kuwa zana ya ulozi. Hata herufi D katika sahihi ya msanii imeandikwa kinyume, sambamba na ulimwengu uliopinduliwa ambao mchoro unauonesha.

Mchoro huo ulichapwa kwa nakala, ukauzwa na kusambaa. Haukuwa peke yake. Hans Baldung, aliyefanya kazi katika karakana ya Dürer, alitoa mwaka 1510 mchoro wake mashuhuri wa wachawi, ambamo mwili wa kike uliozeeka una nafasi kubwa. Katika kipindi hicho hofu ya uchawi ilikuwa ikikua katika nchi za Ujerumani, na katika karne mbili zilizofuata wanawake wengi, wengi wao wakiwa wa makamo na wazee, waliuawa kwa tuhuma hiyo. Haitakuwa sahihi kudai kwamba michoro ndiyo iliyowaua. Inatosha kusema kwamba michoro iliwafundisha watazamaji mchawi anafananaje, na mfano uliotumika ulikuwa uso ambao kila mtu alikuwa nao nyumbani kwa mama au bibi yake.

Tarehe 19 Machi 1514, Dürer huyohuyo alichukua mkaa akachora sura ya mama yake, Barbara. Mchoro huo, wenye urefu wa takribani sentimita 42 na upana wa sentimita 30, umehifadhiwa Berlin. Kila alama iliyomfanya mchawi atishe imo humu pia. Mashavu yamebonyea, mifupa imejitokeza, paji la uso limejaa mikunjo, shingo imebaki mishipa, na macho mawili hayaelekei sehemu moja. Msanii hakupunguza chochote. Lakini juu ya karatasi aliandika kwamba huyu ni mama yake Albrecht Dürer, na kwamba alikuwa na umri wa miaka 63. Takribani miezi miwili baadaye Barbara alifariki, na mwanawe akarudi kwenye karatasi ileile na kuongeza kwa wino habari ya kifo chake.

Katika kumbukumbu zake za kifamilia Dürer alieleza kwamba mama yake alizaa watoto 18, na watatu tu walikuwa hai wakati huo. Alieleza umaskini, kejeli na maradhi aliyoyavumilia, na kwamba baada ya kukata roho sura yake ilipendeza kuliko alipokuwa hai. Mtu akiyasoma maelezo hayo kisha akautazama tena mchoro, mikunjo haibadiliki hata mmoja, lakini maana yake inabadilika. Mashavu yaliyobonyea yanapata chanzo: uzazi wa watoto 18, misiba 15 ya watoto, na miaka ya umaskini na maradhi. Hapo ndipo inapoonekana tofauti kati ya kazi mbili za mkono mmoja. Katika mchoro wa mchawi, alama za uzee zimekatwa kutoka kwenye maisha yaliyozizaa, kwa hiyo mtazamaji yuko huru kuzibandika chanzo cha kubuni, yaani ushetani. Katika mchoro wa mama, chanzo kimerudishwa mahali pake.

3.0 Kejeli na Heshima: Vazi Lililopitwa na Wakati

Mwaka mmoja hivi kabla ya mchoro wa Barbara, yaani mnamo 1513, Quinten Massys wa Antwerp alichora kwa rangi ya mafuta mwanamke mzee ambaye sasa yumo katika Jumba la Taifa la Sanaa, London. Ana pua fupi iliyoinuka, mdomo wa juu uliorefuka, kifua kilichokunjamana kinachochungulia kwenye gauni lililobana, na kilemba chenye pembe mbili ambacho kilikuwa kimepitwa na wakati kwa miongo mingi. Mkononi ameshika ua dogo la waridi ambalo halijachanua, ishara ya mapenzi na uchumba. Baadhi ya madaktari wamependekeza kwamba sura hiyo inaonesha maradhi ya mifupa yajulikanayo kwa jina la Paget. Wanahistoria wengi wa sanaa huiona zaidi kama kejeli dhidi ya bibi anayedhaniwa kujitia usichana. Vyovyote iwavyo, mtazamaji anaalikwa kucheka, na anachochekea ni kwamba mwanamke huyu hajakubali kwamba wakati wake umepita.

Katika jumba hilohilo la London imo picha ya Margaretha de Geer, iliyochorwa na Rembrandt mnamo 1661. Margaretha, mke wa mfanyabiashara Jacob Trip wa Dordrecht, alizaliwa mwaka 1583. Alikuwa anakaribia umri wa miaka 80. Naye amevaa vazi lililopitwa na wakati. Kola yake kubwa ya duara, nyeupe na yenye marinda, ilikuwa ni fasheni ya ujana wake, na vijana wa Uholanzi walikuwa wameiacha zamani. Kwa mantiki ya Massys, kola hiyo ingekuwa sababu ya kucheka. Kwa Rembrandt haikuwa hivyo. Kola inaukusanya mwanga na kuurudisha usoni. Mkono mmoja umeshika leso. Macho yanamtazama mtazamaji moja kwa moja, bila ya kuomba radhi na bila ya kutaka kupendwa. Vazi la zamani linakuwa ushahidi wa uaminifu kwa nafsi: mwanamke huyu amebaki kuwa yule yule aliyekuwa.

Ulinganisho huu unaonesha kwamba heshima katika picha haitokani na kuchagua alama nzuri na kuziacha mbaya. Alama ni ileile. Kinachotofautiana ni kama msanii ameiweka alama hiyo dhidi ya mchorwaji au upande wake.

Rembrandt alikuwa amelijua jambo hilo mapema. Mwaka 1634, akiwa kijana ambaye hajatimiza hata miaka 30, alimchora Aechje Claesdr, mjane wa Rotterdam, na juu ya ubao akaandika umri wake: miaka 83. Kope zake zimelegea, na ngozi ya mashavu imechorwa kwa rangi nyingi ndogondogo zilizopandana, nyekundu, manjano na kijivu, kiasi kwamba uso unaonekana kuwa na damu inayotembea ndani yake. Ngozi changa na nyororo huhitaji rangi chache. Ngozi ya miaka 83 ilimdai msanii atumie karibu kila alichokijua. Kwa maana hiyo ya kiufundi tu, uzee haukuwa upungufu wa uzuri, bali ulikuwa wingi wa mambo ya kuona.

4.0 Maswali Matatu ya Uchambuzi

Kutokana na mifano iliyotangulia, makala hii inapendekeza maswali matatu yanayoweza kuongoza uchambuzi wa picha za wanawake wazee.

4.1 Jina

Swali la kwanza ni kama mchorwaji ana jina. Mchawi wa Dürer hana. Mama yake analo. Hata hivyo, jina peke yake halitoshi, na linaweza pia kuondolewa kwa makusudi. Mwaka 1871 James McNeill Whistler, Mmarekani aliyeishi London, alimchora mama yake Anna, aliyekuwa na umri wa miaka 67, akiwa ameketi kwa upande katika gauni jeusi. Aliipa picha hiyo jina linalotaja mpangilio wa rangi ya kijivu na nyeusi, na baadaye akaandika kwamba utambulisho wa mama huyo haupaswi kuwahusu watazamaji. Serikali ya Ufaransa iliinunua picha hiyo mwaka 1891, na sasa imo katika jumba la Orsay, Paris. Watazamaji hawakumtii msanii. Ulimwengu mzima umeendelea kuiita picha ya mama yake Whistler. Umma ulitambua jambo ambalo jina rasmi lilitaka kulifuta, kwamba aliyeketi pale ni mama wa mtu.

Katika Afrika ya Mashariki swali la jina ni zito zaidi. Kadi za posta za enzi ya ukoloni zilizoea kuonesha nyuso za wanawake zikiandikwa jina la kabila tu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Joy Adamson alichora mamia ya picha za watu wa Kenya kwa ajili ya kuhifadhi mavazi na mapambo yao. Picha hizo zina thamani kubwa kwa mtafiti wa utamaduni. Lakini mradi wenye lengo hilo humtaka mchorwaji asimame badala ya kundi lake, na mtu anayesimama badala ya wengi huwa katika hatari ya kutojisimamia mwenyewe.

4.2 Umri

Swali la pili ni kama umri umefichwa au umetangazwa. Dürer aliandika 63. Rembrandt aliandika 83. Katika biashara ya leo ya vipodozi na ya picha zinazosahihishwa kwa kompyuta, sifa kubwa anayopewa mwanamke mzee ni kwamba hafanani na umri wake. Sifa hiyo ni tusi lililofunikwa, kwa kuwa inamsifu kwa kutokuwa alivyo. Alice Neel, mchoraji wa Marekani aliyezaliwa Januari 1900, aliikataa biashara hiyo moja kwa moja alipokamilisha mwaka 1980 picha yake mwenyewe akiwa uchi, ameketi kwenye kiti chenye mistari ya buluu, brashi mkononi. Picha hiyo imo katika Jumba la Taifa la Picha za Sura, Washington.

Kazi ya Neel inazua suala la stara ambalo mchambuzi wa Kiswahili hawezi kulipita. Katika jamii nyingi za Waswahili hadhi ya bibi inalindwa na kanga, ushungi au buibui, na kumvua nguo hizo mbele ya hadhira kungekuwa ni kumdhalilisha. Jibu haliko katika kuamua jamii ipi iko sahihi. Liko katika kuuliza nani aliyeamua. Neel alijichora mwenyewe, kwa hiari yake, akiwa ameshika chombo cha kazi yake. Mchawi wa mwaka 1500 alivuliwa na mwingine. Kinachopimwa ni ridhaa, na ridhaa hiyohiyo ndiyo inayompa bibi wa Lamu au Bagamoyo haki ya kuchorwa akiwa amejifunika vizuri na bado awe amechorwa kikamilifu.

4.3 Mtazamo

Swali la tatu ni kama mchorwaji anatazamwa tu au naye ana maisha ndani ya macho yake. Hili halina maana kwamba lazima amkodolee mtazamaji. Margaretha anatazama mbele. Barbara anatazama pembeni, kwa macho yasiyolingana. Anna Whistler anaonekana kwa upande tu. Kinachohitajika ni dalili kwamba anafikiri jambo ambalo mtazamaji hakuambiwa.

5.0 Macho Mekundu: Mazingira ya Tanzania

Uchambuzi huu ungebaki kuwa mazungumzo ya majumba ya makumbusho kama usingekuwa na uzito mahali pengine. Katika baadhi ya maeneo ya Tanzania, hasa mikoa ya Usukumani kando ya Ziwa Victoria, wanawake wazee wametuhumiwa uchawi, wamefukuzwa na wengine wameuawa, na miongoni mwa dalili zilizotajwa dhidi yao ni macho mekundu. Chanzo cha wekundu huo hakina siri. Mwanamke aliyepika maisha yake yote juu ya mafiga matatu, kwa kuni, mabua au samadi kavu ya ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha, amekaa ndani ya moshi kwa miongo mingi. Vumbi na maradhi kama trakoma huongeza madhara. Macho yale yamekuwa mekundu kwa kuwapikia watu ambao baadaye wanayaogopa.

Hapa muundo uleule wa Nuremberg unajirudia. Kijiti cha kusokotea nyuzi kiligeuzwa kuwa zana ya mchawi. Moshi wa jiko unageuzwa kuwa alama ya mchawi. Kazi ya mwanamke inaacha alama mwilini mwake, chanzo kinasahauliwa, na alama inashitakiwa.

Ni lazima mipaka ya sanaa ikubaliwe. Picha haizuii panga. Nyuma ya tuhuma nyingi kuna ugomvi wa ardhi na mirathi, vifo vya watoto visivyopata maelezo ya kitabibu, na waganga wapiga ramli wanaotaja majina. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, inagusa haki na ulinzi, na utekelezaji wake unahitaji sheria, huduma za afya na polisi kuliko unavyohitaji brashi. Hata hivyo, tuhuma huanza na usomaji wa uso, na usomaji wa uso ni jambo linalofundishwa. Msanii atakayemchora bibi wa Usukumani na macho yake mekundu, bila kuyasafisha, pamoja na moshi na mafiga yake, atakuwa amefanya kile ambacho maandishi ya Dürer yaliufanyia uso wa Barbara: atakuwa ameirudishia alama chanzo chake.

Upo mfano wa karibu unaothibitisha kwamba jamii inaweza kuujua uso wa mwanamke mzee na kuupenda kama ulivyo. Fatuma binti Baraka, maarufu kwa jina la Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu na mwalimu wa unyago wa Zanzibar aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alipigwa picha nyingi zaidi katika uzee wake. Umri wake halisi haukujulikana kwa hakika, lakini hakuna aliyejaribu kumpunguzia miaka. Uso uliokunjamana, sigara mkononi, ngoma mbele yake: ndivyo alivyotambulika duniani. Picha zake zinayajibu maswali yote matatu. Jina lake linajulikana na wote, uzee wake ulikuwa sehemu ya fahari yake, na macho yake yalikuwa ya mtu anayejua zaidi ya anayemtazama.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeeleza kwamba uzuri wa mwanamke mzee katika picha ya sura hauongezwi na msanii wala hauokolewi kutoka chini ya makunyanzi. Umo katika makunyanzi yenyewe, pale yanaposomwa pamoja na maisha yaliyoyachora. Waswahili husema utu uzima dawa. Lakini dawa isiyo na jina kwenye chupa huogopwa kama sumu. Kwa sababu hiyo, wasanii, wapiga picha na watunza makumbusho wa Afrika ya Mashariki wanapowaonesha wanawake wazee hawana budi kuandika majina yao kwa ridhaa yao, kuutaja umri bila haya, na kueleza kazi iliyouunda uso unaoonekana. Kwa watafiti, uwanja ulio wazi ni picha za studio za mijini na albamu za familia, ambamo mabibi wengi walipigwa picha wakiwa na majina na kanga zao walizozichagua wenyewe. Mengi ya majina hayo yamo vichwani mwa watu wachache waliobaki, na yasipoandikwa sasa nyuso zile zitabaki kuwa za vikongwe wasiojulikana.